Mbwa wa jirani huja barazani kabla mwanangu hajaanguka. Kuna mbwa wanaojua kifafa, au ni macho yangu?

#1 Mama_Zuhra
Habari za jioni. Naomba msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Niko Mishomoroni. Binti yangu ana miaka minane, na kifafa alianza nacho akiwa na minne. Alipokuwa wa miaka miwili alilazwa na malaria ya kichwa, degedege likamshika siku mbili, na daktari alituambia huenda ndilo lililoacha haya. Anameza kabamazepini asubuhi na jioni. Zamani alikuwa akianguka kila wiki. Sasa hupita wiki mbili tatu kimya, halafu siku moja anaanguka mara mbili.

Kiwanja cha jirani kinajengwa, na bawabu wa pale ana mbwa anaitwa Simba. Si mbwa wa maana, ni koko wa rangi ya kahawia, ncha ya sikio moja imekatika. Sisi kwetu hatufugi mbwa. Lakini tangu Ramadhani iishe nimeona jambo. Huyu Simba hupenya kwenye tundu la ua wa makuti, akaja mpaka barazani kwetu, akakaa. Habweki. Hutoa ile sauti ya puani, kama mtoto anayedeka. Haipiti robo saa, Zuhra yuko chini.

Mara ya kwanza nilimfukuza kwa ufagio. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilikuwa nshauinua ufagio, nikajikuta namtazama mtoto badala ya mbwa, nikamuona ameanza kumung'unya midomo na huku hana kitu kinywani. Nikawahi kumlaza. Siku hiyo hakupiga kichwa sakafuni.

Mamangu anasema ni jini linamtumia mbwa. Shemeji yangu aliyeko Dubai anasema Wazungu wana mbwa wa kazi hiyo hiyo, tena wananunuliwa. Kuna ajuaye?

#2 Kijana_wa_Feri
Uzi huu naukalia na kahawa chungu na kashata. Endeleeni.

#3 Abu_Leeds
Wapo. Mimi mtu wa Majengo, ila niko Uingereza mwaka wa kumi na moja huu. Lakini kuna mambo mawili watu huyachanganya. Kuna mbwa wa kusaidia: mtoto akishaanguka, mbwa amefunzwa kubweka, kubonyeza kengele, kulala ubavuni mwake mpaka mtu afike. Huyo anafundishika, hakuna ubishi. Halafu kuna mbwa wa kutahadharisha, anayejua kabla. Huyo ndiye mwenye maneno mengi. Sheffield kuna shirika la hisani, Support Dogs, wanawafunza hao wa kutahadharisha tangu miaka ya 1990, na utafiti uliochapishwa 1999 ulisema mbwa wao hutoa ishara kati ya dakika 15 na 45 kabla. Robo saa yako imo humo humo, Mama Zuhra.

#4 Kibe_Mikindani
Mimi mtu wa hesabu, mniwie radhi. Mara tatu hizo umezikumbuka kwa sababu mtoto alianguka. Mara ambazo mbwa alikuja, akakaa, akaondoka na hakuna lililotokea, nani anazikumbuka? Chukua daftari, gawa ukurasa vyumba vinne: mbwa kaja mtoto kaanguka, mbwa kaja mtoto mzima, mbwa hakuja mtoto kaanguka, mbwa hakuja, mtoto mzima. Jaza kila siku. Bila chumba cha pili na cha tatu hatuna mazungumzo hapa.

Na swali dogo: hapo barazani unauza kitu?

#5 Mama_Zuhra
Viazi karai, bajia, na samaki wa kukaanga kuanzia alasiri. Kwa nini?

#6 Kibe_Mikindani
Basi tu.

#7 Bibi_wa_Kibokoni
Mwanangu, usimfukuze kiumbe. Wanyama huona tusivyoviona. Sisi huku Mji wa Kale mbwa hatuna, tuna paka kuliko watu, na wangu mmoja, wa madoa, babu yake sukari ikitaka kushuka humpanda kifuani akamkanyaga kanyaga mpaka aamke. Babu akila tende mbili paka huyo anashuka zake. Hakusoma chuo chochote.

Na mtoto akianguka mnusishe kiatu cha ngozi, zamani ndiyo ilikuwa dawa.

#8 Nesi_Changamwe
Shikamoo bibi. Paka nakuachia, kiatu hapana. Tena si kiatu, si kitunguu, si kijiko kinywani, wala kumkaba mikono asitingishike. Mlaze ubavu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza shingoni, ondoa jiko na karai karibu naye, tazama saa. Ikipita dakika tano hajaacha, au akiacha kisha akashikwa tena kabla hajazinduka, hospitali. Na lile la kumkimbia mgonjwa ati akitoa upepo utaambukizwa, liacheni pia. Nimeona mtu amelala peke yake katikati ya stendi, watu wamemzunguka duara kama wanatazama ngoma, kisa hicho.

Mama Zuhra, huko kumung'unya midomo ni dalili ya kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo kabla hakijaenea. Watoto wengi wa namna hiyo husikia kitu kabla: tumbo kupanda, harufu ya ajabu, hofu isiyo na sababu. Umeshamuuliza Zuhra mwenyewe anasikia nini?

#9 Kijana_wa_Feri
Bibi #7, paka wa Mji wa Kale anajua dalili moja tu: karatasi ya samaki ikifunguliwa.

#10 Bibi_wa_Kibokoni
Na wewe kijana unajua feri ikiharibika tu. Nyamaza wakubwa wanaongea.

#11 Msomaji_Tudor
Siri ni pua. Binadamu ana kama vipokezi milioni 6 vya harufu, mbwa hufika milioni 300. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa na Marekani walichukua pumzi na jasho la wagonjwa watano wa kifafa: wakiwa wametulia, wakiwa wametoka mazoezini, na kifafa kilipowashika. Mbwa watano waliofunzwa Indianapolis wakapewa makopo wachague. Watatu hawakukosa hata mara moja, wawili walipatia theluthi mbili. Ikajulikana kwamba kifafa kina harufu yake, tena inafanana kwa watu tofauti.

Mbona bandarini hapa hatushangai? Mbwa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wananusa pembe za ndovu ndani ya kontena lililojaa majani ya chai.

#12 Kibe_Mikindani
#11 umeeleza vizuri ukaruka mtaro mmoja. Jasho lile lilichukuliwa wakati kifafa kimeshashika, au kimetoka kupita. Hakuna aliyenusa *kabla*. Kujua moshi baada ya nyumba kuungua hata mimi najua.

#13 Msomaji_Tudor
Kweli, hapo umenishika. Lakini kuna wa Belfast, 2021. Hao walichukua jasho la kabla, la wakati, na la baada. Wakatafuta mbwa 19 wa majumbani, wasiofunzwa chochote, wakawapulizia harufu hizo kwa mashine, mgonjwa mwenyewe asiwepo. Wote 19 walibadilika tabia kwa harufu za kifafa kuliko zile za kawaida: kumkodolea macho mwenye mbwa, kulia, kumgusa. Kulia kwa puani, Mama Zuhra, kama unavyosema.

#14 Kibe_Mikindani
Wagonjwa wangapi waliotoa jasho?

#15 Msomaji_Tudor
Watatu.

#16 Kibe_Mikindani
Haya.

#17 Mluguru_Halisi
Nawasalimu kutoka Morogoro. Mnabishana na mbwa, sisi hapa chuoni Sokoine tuna panya buku wananusa makohozi na kusema huyu ana kifua kikuu. Mmoja wa ndugu zao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akatoa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 ardhini, akapewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020. Mtafuteni panya. Anakula ndizi tu.

#18 Kijana_wa_Feri
Mama Zuhra amekuja na hofu ya mbwa, wewe Mluguru unamletea panya ukubwa wa paka wa Bibi.

#19 MbwaBora_Nyali
Mama usihangaike. Ninao watoto wa mbwa wa Kijerumani, wamefunzwa kifafa, sukari na ulinzi. Miezi mitatu, chanjo tayari, bei 180,000, maongezi yapo. Njoo faragha.

#20 Abu_Leeds
#19 mtoto wa mbwa wa miezi mitatu amefunzwa kifafa? Amekifunza na nani, kwa mgonjwa gani? Huku mbwa wa kazi hii hufundishwa mwaka na zaidi, tena akiwa na mgonjwa wake mwenyewe, kwa sababu ni lazima azoee kuanguka kwa *yule* mtu. Marekani watu hulipa maelfu kwa maelfu ya dola na bado wanasubiri miaka. Na hata hao wakubwa hawakuhakikishii kwamba mbwa atajua kabla. Wanakuhakikishia atasaidia baada. Mama Zuhra, shilingi yako ishike.

#21 MbwaBora_Nyali
Bei nimeshusha 150,000.

#22 Nesi_Changamwe
Vidonge vya mwaka mzima na nauli ya kliniki vinatoka humo na chenji inabaki.

#23 Daktari_wa_Ngombe
Mimi ni mganga wa mifugo, niko huku Kisauni, na naona wote mnamsifu mbwa hakuna anayemwonea huruma. Mtu akianguka kifafa mbele ya mbwa ambaye hakuandaliwa, mbwa anaogopa. Kuna waliotoroka, kuna waliomrukia na kumng'ata mgonjwa. Hao hao wa Sheffield wa 1999 baadaye waliandika kuonya juu ya mbwa wasiofunzwa. Simba anakaa na kulia, vizuri, ni mpole. Lakini ni koko: muulize bawabu kama amechanjwa kichaa cha mbwa, na aonyeshe kadi, si maneno. Mtoto aliyelala chini na povu mdomoni, mbwa atataka kumlamba.

Halafu jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Mbwa nao hushikwa kifafa, na dawa tunayowapa ni fenobabitoni, ile ile ya binadamu.

#24 Ustadh_Msafiri
Nimengoja nione kama kuna atakayegusa hili. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito: akigusa chombo kwa mate au kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mkavu kwa mkavu hapana najisi inayohama, watu husahau. Na katazo la kufuga limekuja na vighairi vyake: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wetu wakakisia juu yake ulinzi wa nyumba. Kumlinda mtoto asipasuke kichwa si ulinzi? Mimi si mufti, muulizeni aliye karibu nanyi. Wamaliki wao wanamuona mbwa tohara kabisa, kwa hivyo msije mkatukanana.

Na mama yako anayesema jini, msomee kisa alichokisimulia Ibn Abbas. Alikuwapo mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa, akamwendea Mtume (s.a.w.) amwombee. Akaambiwa: ukitaka subiri nawe upate pepo, ukitaka nitakuombea upone. Akasema nitasubiri, ila niombee nguo zisinivuke ninapoanguka. Akaombewa. Hakufukuzwa, wala hakufungwa kamba.

#25 Abu_Leeds
Shukran ustadh. Naongeza: mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona aingie na mbwa wake mwongozaji mpaka sehemu ya mlangoni, mbwa akakaa hapo, kijana akaingia kuswali.

#26 Nahodha_Mstaafu
Nimesoma yote. Ndugu yangu mkubwa alikuwa nacho. Tulikuwa tukivua pamoja, ngalawa moja, na mbwa hatukuwa naye. Lakini mimi nilikuwa najua. Alikuwa anaanza kukunja kamba ya tanga. Anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena, na tanga liko juu na upepo upo. Ukimsemesha anakutazama kama uko ng'ambo. Nikiona hivyo namshika kiunoni namkalisha chini, dakika mbili tatu, kinamshika. Watu wa pwani wakaniita mganga.

Siku moja alitoka na watu wengine. Wao hawakujua habari ya kamba.

Hilo ndilo langu. Labda mbwa naye ameiona kamba.

#27 Bibi_wa_Kibokoni
Mwenyezi Mungu amrehemu, nahodha.

#28 Binti_Mtwapa
Pole sana nahodha.

Mimi naleta upande mwingine, msinipige. Je, kama mbwa ndiye anayeleta? Mtoto akimuona mbwa anashtuka, mama anashtuka zaidi, ufagio huo, kelele hizo, mwili unapaa. Mwaka 2007 kuna madaktari Marekani walieleza wagonjwa waliokuwa na mbwa wa kutahadharisha. Walipowekwa waya za kichwani na kamera, baadhi yao ilionekana si kifafa cha ubongo kabisa, ni mshtuko unaotokana na msongo, na mbwa alikuwa sehemu ya mzunguko wenyewe. Mbwa akilia, mgonjwa anaanguka, mgonjwa akianguka mbwa anapapaswa, kesho mbwa analia tena. Binamu yangu alikuwa hivyo. Miaka mitatu ya dawa za kifafa, kumbe hakikuwa kifafa. Alikuwa anaanguka kweli, haigizi, ila dawa yake ilikuwa nyingine.

#29 Msomaji_Tudor
#28 hoja nzito, lakini Zuhra ana malaria ya kichwa nyuma yake na anamung'unya midomo. Na upande wa pili wa mizani, Waholanzi walichapisha 2024: watu 25 wenye kifafa kisichosikia dawa, wakapewa mbwa waliofunzwa. Kuanguka kukapungua kwa wastani wa asilimia 31, na saba kati yao kukapungua nusu au zaidi. Kama mbwa analeta, mbona kwao alipunguza?

#30 Binti_Mtwapa
Labda kwa kuwa walilala usingizi bila wasiwasi. Kukosa usingizi huchokoza kifafa. Hapo pua haihusiki.

#31 Kibe_Mikindani
Kwa mara ya kwanza leo nimefurahi. Mama Zuhra, daftari?

#32 Mama_Zuhra
Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa najaza daftari kama nilivyoamriwa. Siku 24.

Mbwa alikuja mara 9. Zuhra alianguka mara 5. Katika hizo 5, mara 4 mbwa alitangulia. Mara 1 hakuja, lakini siku hiyo mwenye kiwanja alikuwepo na mbwa alifungwa mnyororo, akalia huko huko, sijui niiandike chumba gani. Mara 5 alikuja na mtoto mzima. Katika hizo 5, mbili nilikuwa nakaanga vibua.

Kadi ya chanjo bawabu hakuwa nayo. Tulichanga, mimi na yeye, mbwa amechanjwa Jumanne. Mamangu hajui kwamba nilitoa pesa.

#33 Kibe_Mikindani
Ahsante kwa uaminifu, wengi wangeficha ile ya vibua. Mara tisa, nne kweli, tano bure. Ungekuwa unamlaza mtoto kila mbwa akija, zaidi ya nusu ungemlaza bure.

#34 Abu_Leeds
Na katika kuanguka tano, nne alitangulia. Mimi ningekubali kulazwa bure mara tano nisipasuke kichwa mara nne.

#35 Kijana_wa_Feri
Mbwa amefungwa mnyororo akalia huko huko. Hiyo nusu alama kwa Simba, refa andika.

#36 Nesi_Changamwe
Nyinyi mnahesabu mbwa, mimi nimeona tano. Mtoto aliyekuwa akipita wiki mbili tatu bila kitu ameanguka mara tano ndani ya siku 24? Zote saa ngapi? Kidonge cha jioni anameza saa ngapi? Na uzito wake mara ya mwisho ulipimwa lini? Dawa hii hupimwa kwa kilo, mtoto akikua dozi ya mwaka jana inakuwa ndogo. Peleka daftari kliniki, hilo hilo lenye mbwa. Na usimwachishe dawa hata siku moja kwa kungoja mbwa.

Tena swali langu la #8 halikujibiwa na yeyote. Mmemuuliza mbwa, mmeuliza Wafaransa, mmeuliza panya. Zuhra?

#37 Mama_Zuhra
Nesi, umenitia haya.

Kliniki nilikwenda. Saa zote nne za barazani ni kati ya kumi na moja na nusu na saa moja, wakati wa wateja. Kidonge cha jioni nimekuwa nikimpa nikishafunga biashara, siku nyingine saa tatu, siku nyingine saa nne. Na amezidi kilo nne tangu dozi ipangwe. Wameongeza, na sasa nimeweka kengele ya simu saa kumi na mbili kamili, hata kama kuna foleni ya viazi.

Halafu jana usiku nikamuuliza. Nilikuwa namsuka, kwa hivyo hatutazamani, nikasema, Zuhra, kabla hujaanguka husikia nini? Akanyamaza. Akasema, "Husikia harufu ya ndara inayoungua." Nikamuuliza tangu lini. "Tangu zamani." Mbona hukusema? "Nilidhani ni karai lako."

Nikamuuliza na Simba je, yeye hujuaje? Akacheka. Akafanya hivi kwa ulimi, ts ts ts. "Namwita."

Anamwita, jamani. Akisikia ile harufu anakwenda tunduni pale uani anamwita mbwa aje akae naye, kwa sababu mimi, alivyosema, mimi hupiga kelele.

#38 Kijana_wa_Feri
Nimeweka kikombe chini.

#39 Kibe_Mikindani
Kwa hivyo aliyetahadharisha ni Zuhra, mbwa ni mgeni mwalikwa. Na zile mara za bure huenda ni harufu iliyokuja ikapita bila kumwangusha, au vibua. Kila kitu kimekaa.

#40 Nesi_Changamwe
Si "harufu tu". Ile harufu ya ndara ndiyo kifafa chenyewe kimeshaanza, bado hakijaenea. Ila nasita kidogo: harufu za namna hii kwa kawaida ni sekunde, dakika moja au mbili, si robo saa. Huenda kifafa chake huja kwa mafungu, dogo linatangulia, kubwa linafuata. Mwambie daktari.

#41 Msomaji_Tudor
Basi robo saa ya #1 ilitoka wapi?

#42 Kibe_Mikindani
Ilitoka kwa mama mwenye karai mkononi asiye na saa. Bila ubaya, Mama Zuhra.

#43 Mama_Zuhra
Hakuna ubaya, ningesema hivyo hivyo. Ila kuna moja hainitoki. Itazameni nyinyi.

Nilisema saa nne za barazani. Hizo ni tatu alizotangulia mbwa, pamoja na ile aliyofungwa mnyororo. Ya mbwa iliyobaki haikuwa barazani. Hata nesi hakuiona, na mimi mwenyewe niliisahau nikitaja saa. Hii ilikuwa saa tisa usiku. Nilisikia kukwaruza kwenye wavu wa dirisha la chumbani. Nikawasha tochi ya simu: Zuhra amelala kwa ubavu, kinywa kimefunga, anapumua vizuri, shuka halijasogea. Nikatoka kumfukuza mbwa. Nimerudi, sijakaa kitandani, akaanza.

Alikuwa amelala. Hakumwita mtu.

#44 Abu_Leeds
Wavu wa dirisha, harufu inapita. Belfast hao.

#45 Nesi_Changamwe
Ubongo unaweza kuanza kitambo na kwa nje huoni kitu, usingizini hasa. Bila waya za kichwani hakuna wa kukuambia kilianza saa ngapi. Usiku ndiko ninakoogopa, kwa sababu vifo vya ghafla vya kifafa, ingawa kwa watoto ni nadra, kama 1 kati ya 4,500 kwa mwaka, mara nyingi hutokea kitandani na hakuna aliyeona. Lala naye chumba kimoja.

#46 Msomaji_Tudor
Kuna saa za mkononi pia, Embrace ilipata kibali Marekani mwaka 2018, inapiga kengele mtu akianza kutingishika. Ila hiyo inajua ikishaanza, na bei yake si ya viazi karai.

#47 Binti_Mtwapa
Au mbwa alikuja kwa sababu zake, akamkatiza mtoto usingizi, na kukatika kwa usingizi kukamwangusha. Bado nashikilia langu.

#48 Bibi_wa_Kibokoni
Saa tisa usiku, mbwa dirishani. Sisemi kitu. Mshasema nyinyi mliosoma.

#49 Nahodha_Mstaafu
Bawabu anakaa na mbwa huyo mpaka lini?

#50 Mama_Zuhra
Nyumba inapigwa rangi. Akimaliza anahamishiwa kazi Malindi, anasema mbwa hatamchukua. Mamangu, yeye wa jini, ameanza kuweka maji kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu. Nje ya ua, si ndani. Nikimtazama anasema ni ya kuku.

#51 Kibe_Mikindani
Swali la mwisho kisha nalala. Usiku ule wa saa tisa, mlikuwa mmepika nini?

#52 Mama_Zuhra
Wali wa nazi na papa mkavu.

#53 Kibe_Mikindani
Papa.

#54 Mama_Zuhra
Sufuria nilikuwa nimeliacha dirishani, limelowekwa.

#55 Kijana_wa_Feri
Uzi umeanza upya. Nani ana kashata?